Uso wa Da Mwanakheri, na Wako

Mama,

Barua hii jana niliianza kwa Kiingereza, ili Baba akiiokota asiweze kuisoma. Niliandika mistari minne, nikaichana. Kiingereza hukukijua, na ninayemwandikia ni wewe. Basi naandika kwa lugha yetu, na mlango nimeutia komeo. Baba yuko kazini bandarini, hatarudi mpaka Magharibi.

Nilitaka kuanza na shikamoo, mkono ukasita. Nani ataitikia?

Nina jambo, Mama. Nimeapa uongo. Nimesema Wallahi juu ya kitu ambacho nilijua si kweli, na kitu chenyewe kinakuhusu wewe na kamera yako. Niliyemwapia ni Da Mwanakheri, jirani yetu wa mlango wa pili. Jumatatu anasafiri, na sidhani kama atarudi tena Unguja. Kabla hajaondoka lazima nimwambie. Leo ni Jumamosi. Alhamisi nilifika mpaka mlangoni kwake nikageuka. Jana nilifika mpaka kizingitini, nikasikia sauti yake ndani, nikakimbia kama mwizi. Ndipo nikaona nikueleze wewe kwanza, labda nikishayasema mara moja mdomo utazoea.

Kamera iko hapa mezani, imekunjwa. Ikikunjwa hivi, mtu asiyeijua angedhani ni kitabu cha chuma. Ule mfuko wake wa ngozi, wa mikunjo mikunjo, unaotokeza mbele ikifunguliwa, bado una kiraka cha kitambaa cheusi ulichokibandika pale ilipokuwa ikivuja mwanga, na bado unanuka gundi. Babu aliinunua ikiwa kuukuu kwa Mgoa mmoja, wewe hata hujazaliwa. Watu walipokucheka kwamba mashine imezeeka kuliko mpigaji, ulikuwa ukiwaambia, "Mzee huyu hana haraka, na hasemi aliyoyaona."

Ndiyo sababu walikuja kwako. Wanawake wa mtaa wetu wote wa Malindi, na wengine hata wa Bububu, wasingeweza kuvua buibui mbele ya mpiga picha mwanamme. Walikuja mchana, nguo nzuri wamezificha kikapuni chini ya mchicha, wakaingia chumbani kwetu, wakatoka uani wakiwa watu wengine. Namkumbuka yule Bi wa Bububu aliyekwambia, "Nipige nipendeze, lakini pua hii usiitie." Ukamjibu, "Pua tutaiacha mlangoni na viatu, utaichukua ukitoka." Alicheka mpaka ikabidi tumsubiri, kwa sababu kamera yako haikuweza kumpiga mtu anayetikisika.

Filimu ulizisafisha mwenyewe kwenye stoo ya chini ya ngazi. Kila mwanamke akija, ulimkatia yake kwa mkasi. Ulimpa picha, na ulimpa na negativu yake, kile kipande cha ukanda ambacho nywele zinaonekana nyeupe na meno meusi. "Chukua vyote, mwanangu, kwangu kusibaki kitu." Hukumwekea mtu hata mmoja. Nilikuwa nikidhani hiyo ni adabu tu. Sasa najua kwamba kwa maneno hayo watu walilala usingizi. Picha moja ya mwanamke kichwa wazi ikizagaa mjini, mkononi mwa mwanamme asiyemhusu, ni kelele ya mtaa mzima.

Na wewe mwenyewe hukuwa na picha hata moja. Hata ya harusi. Miaka yote ulikuwa nyuma ya kamera.

Mpaka ile Jumatano.

Uliamka kifua kimekubana, ukasema ni vumbi la mchele, utapona. Da Mwanakheri alikuja baada ya Adhuhuri na kikapu chake. Unajua habari yake, lakini niache niieleze, inanisaidia kwenda polepole. Mumewe alikwenda Mombasa baada ya Mapinduzi kutafuta kazi. Alisema miezi mitatu, ikawa miaka minne. Barua zikapungua, kisha zikawa salamu tu kwa midomo ya watu. Sasa Da Mwanakheri alitaka kumpelekea picha, nywele amezifungua, vikuba vya asumini kifuani, wanja machoni. "Namtumia nywele," alisema, "barua keshazoea kutozijibu." Ulicheka ukakohoa, ukacheka tena.

Filimu ile ilikuwa ya mwisho. Madukani zilikuwa hazipatikani, na hukujua lini zitapatikana. Picha nane tu, na tano zilishapigwa. Da Mwanakheri akawa wa sita. Ulimkalisha kwenye kiti cha uani, pale mwanga unapoanguka kutoka juu, ukamgeuza kidevu kwa vidole viwili, ukapiga.

Kamera yako haimzuii mtu kukosea. Ukishapiga lazima uzungushe ufunguo kwa mkono wako, huku unatazama kile kidirisha chekundu cha nyuma, mpaka namba inayofuata itokeze. Usipozungusha, picha mbili zinalala kitanda kimoja. "Piga, zungusha," ndiyo ilikuwa nyimbo yako. Lakini kikohozi kilikushika, ukanipa kamera.

"Zungusha, Zakia."

Na wakati huohuo Da Mwanakheri akanigeukia, mabega wazi, anacheka. "Na huyu mwari wetu atapigwa lini? Au anaogopa kamera itamwona?"

Unanijua, Mama. Mtu akinitazama tu, masikio yanawaka. Niliangalia sakafu. Niliangalia vidole vyangu vya miguu. Wewe ukauliza, "Ushazungusha?" Nikasema, "Nshazungusha."

Sikuwa nimezungusha. Mkono wangu haukuugusa ule ufunguo. Nilisema vile ili mniache.

Kisha ukafanya jambo ambalo hukupata kulifanya. Ulijikokota mpaka kwenye kile kiti, Da Mwanakheri akakupisha, ukaketi. Ulijitengeneza kanga kichwani. Ukasema, "Haya, nipige na mie." Mikono yangu ilitetemeka, ukasema, "Usitetemeke, si bunduki." Da Mwanakheri akaguna, maana siku hizi watu hawataji bunduki hivihivi. Nikapiga. Na hapo, hapo sasa, nikakumbuka kuzungusha.

Alhamisi ulipelekwa hospitali. Jumapili hukuwapo.

Baada ya hitima ya siku ya tatu, watu walipokwisha kuondoka na mabusati kukunjwa, niliichukua kamera nikaiweka mapajani. Nilitaka kuinusa tu. Nikaigeuza, nikatazama kidirisha chekundu. Saba. Nilitazama tena. Da Mwanakheri wa sita, wewe wa saba, kwa hivyo kidirishani ilipaswa kuwa nane. Nilihesabu kwa vidole kwa Kiswahili, kisha nikahesabu kwa Kiingereza, kama kwamba kwa Kiingereza ingetoka namba nyingine.

Picha yako ya pekee duniani niliipiga juu ya picha ya mtu mwengine.

Da Mwanakheri alikaa kimya siku chache kwa heshima ya msiba. Kisha akaja. "Mwari, pole tena. Ile picha yangu?" Nikasema inasafishwa. Akaja Jumanne. Nikasema haijakauka. Akaja Jumatano, sasa anapumua juu juu. Rafiki wa mumewe, baharia, alikuwa anaondoka Ijumaa baada ya Sala, na hakuna mtu mwengine aliyemwamini kwa mzigo ule. "Zakia, kama hujui kuisafisha nambie. Nisije nikasikia umeipeleka dukani kwa mwanamme." Nikasema sijaipeleka. Hilo lilikuwa kweli, na nilishikilia kile kipande cha ukweli kama mtu anayeshikilia ubao majini.

Alhamisi nikamwambia nusu. "Picha yako imeharibika. Zimebaki mbili, nikupige tena."

"Nani anipige?"

"Mie."

"Wewe? Usiyeweza hata kumwangalia mtu usoni?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na hofu tu, na mimi nilikuwa na hofu zaidi. Lakini alikwenda kujipamba upya, na asumini za siku ile zilikuwa chache. Nilimkalisha pale pale. Nilimgusa kidevu, Mama, kama wewe. Sikujua nitaweza. Nilipiga, nikasema kwa sauti "zungusha", nikazungusha, nikamwonesha kidirisha na yeye aione namba. Nikapiga tena, ya mwisho. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto akivuka njia.

Jioni ile ile, kabla ya Magharibi, nilijifungia stoo. Niliziba nyufa zote kwa mablanketi, jasho likanitoka mpaka machoni. Unakumbuka ile karatasi ya maelezo ya dawa, nilipokuwa na miaka tisa, nikakutafsiria kutoka Kiingereza, dakika ngapi dawa ya kwanza, dakika ngapi ya pili? Saa hatukuwa nayo, ukasema, "Basi tutasoma." Ukapima dakika kwa Qul-huwallahu, ngapi kwa dawa ya kwanza, ngapi kwa ya pili. Nilifanya hivyo hivyo. Katika giza tupu, filimu nimeishika ncha zake mbili, naipandisha na kuishusha kwenye beseni, kama anayefua utepe, na huku nasoma. Katikati nikakusikia unasoma na mimi. Najua si wewe, ni mwangwi wa ngazi. Lakini nilipoteza hesabu, ikabidi nikisie.

Zilitoka. Nzito kidogo, lakini zilitoka. Wale watano wa mwanzo, uliowapiga wewe, niliwapelekea zao baadaye, nyumba kwa nyumba, picha na negativu. Da Mwanakheri wa saba alitoka vizuri, wa nane alifumba macho.

Na ile ya sita.

Niliiweka juu ya karatasi, nikaibana kwa kioo, nikaipa mwanga, nikaitia dawani chini ya taa yako nyekundu. Kwanza zikaja asumini. Kisha nywele zake. Kisha, pale shingoni kwake, ukaanza kuja wewe. Ulikuwa umeinama kidogo kwa ugonjwa, kwa hivyo uso wako umeangukia baina ya shingo yake na bega. Jicho lako moja limo ndani ya nywele zake. Mkono wake unapita juu ya kanga yako. Mko kama watu wawili waliosimama nyuma ya pazia moja jepesi. Lakini ni wewe. Hata nyusi ya kushoto umeinyanyua, kama ulivyokuwa ukiinyanyua unaponiuliza kama mchele nimeuchagua.

Nililia mpaka picha ikazidi weusi, sikuitoa dawani kwa wakati.

Ijumaa asubuhi nilimpelekea Da Mwanakheri picha yake na negativu mbili. Alifurahi. Alijitazama akajipiga kifuani, "Ni mie huyu?" Akanibusu kipaji cha uso. Nikaanza kuondoka.

"Zakia. Na ile iliyoharibika?"

Nilijua ataiuliza. Kila mwanamke aliyekuja kwako anajua desturi yako: hakuna kinachobaki. Nilikuwa na muda wa kusema. Ningesema tu, Da Mwanakheri, ile iko hivi na hivi, mama yangu yumo ndani. Lakini nikaona ataichukua, kwa sababu ni haki yake, na wewe utakwenda naye. Nikasema, "Nimeichoma."

"Kweli?"

"Kweli."

"Niapie. Si kwamba sikuamini. Roho itulie tu."

Nikasema Wallahi. Kwa sauti ndogo. Neno lenyewe lilitoka jepesi kama kupiga chafya.

Negativu nikaifunga kwenye bahasha pamoja na picha, nikaitia ndani ya kamusi yangu ya Kiingereza, mahali ambapo Baba hana shughuli napo.

Baba. Hili nalo lazima nilitoe. Siku ya arubaini alikuwa anakunja kanga zako, akaniuliza, bila ya kunitazama, "Mama yako alinambia kule hospitali kwamba ulimpiga picha. Imetoka?" Nikasema imeungua na mwanga. Akasema, "Haidhuru." Akaendelea kukunja. Baadaye akasema, "Nimeanza kusahau alikuwa akicheka vipi." Na mimi bahasha iko hatua tatu kutoka alipokaa! Lakini ningemwoneshaje? Da Mwanakheri yumo humo kichwa wazi, mabega wazi. Nilijaribu kumfunika kwa karatasi. Nikimfunika yeye, na wewe unafunikwa. Nilikata karatasi kwa umbo la shingo yake, likabaki jicho lako moja na ncha ya kanga. Hilo si la kumpa mtu.

Basi nimekuwa nakutazama peke yangu, kila Baba akitoka. Na kila nikikutazama wewe, namtazama na yeye, bila ya ruhusa yake. Mwanzoni nilikuwa simwoni. Siku hizi namwona yeye kwanza.

Nimefunga siku tatu, kafara ya kiapo. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, nilimuuliza kwa kuzungusha maneno, nikijifanya naulizia rafiki yangu. Akanitazama, akasema, "Mwambie rafiki yako afunge, atubu. Na kama ana haki ya mtu mkononi, hata afunge mwaka, airejeshe." Nilikwenda zangu.

Mumewe alijibu, Mama. Nywele zilijibiwa. Imechukua miezi mitano, lakini alijibu, na karatasi za safari za Da Mwanakheri zimepita, na Jumatatu anapanda meli ya Dar es Salaam, kisha atafute basi la Mombasa. Mtaa mzima unamfurahia. Jana nilimsikia anaimba ndani.

Sasa Adhana ya Adhuhuri inatoka. Nitasali. Halafu nitachukua bahasha. Nikiirudia barua hii, utajua nimekwenda.

*

Nimerudi. Watu wanatoka Sala ya Alasiri. Baba bado.

Nilimkuta sanduku wazi, nguo kitandani, yeye yuko sakafuni. "Karibu, mwari! Umekuja kunisaidia kukunja?" Nikampa bahasha kwa mikono miwili. Akadhani ni zawadi ya safari. Alikuwa anatabasamu alipokuwa anaifungua, na nilitamani sana tabasamu lile lisimalizike.

Akaitoa picha. Akaiinua kwenye mwanga. Nje muuza kahawa alipita anagonganisha vikombe, akasogea, akapotea, naye bado kaiinua.

"Hii ni ile?"

"Naam."

"Uliniapia."

"Naam."

"Kwa jina la Mungu uliniapia, Zakia."

"Naam."

"Miezi mitano mie nalala nikijua uso wangu haumo nyumbani mwa mtu. Kumbe umo! Na baba yako mle ndani!"

"Hajauona. Wallahi—" Nikajikatiza.

Alicheka, lakini hakikuwa kicheko. "Usiniapie tena, mwanangu. Neno lako limeshakwisha."

Nikamwambia yote, Mama. Ufunguo, sakafu, "nshazungusha". Kidirisha. Baba na kanga. Sikuwa na mpangilio, nilianza katikati, nikarudi nyuma. Alisikiliza huku anaitazama picha, na nikaona macho yake yamehama kutoka kwake yamekwenda kwako. Akakugusa kwa kidole. Akaanza kulia, na mimi nikaingiwa na tamaa. Nikadhani amelainika.

"Da Mwanakheri, sina nyingine," nikasema. Na nilimtazama machoni niliposema. Sijui kama niliwahi kumtazama mtu vile.

"Najua huna." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Ungenambia ile Ijumaa, ningekuachia. Ningesema ni ya mama yake, na ibaki kwake, mie nnamjua huyu mtoto. Sasa nikuachie kwa lipi? Utaniahidi nini? Kuniahidi ulishaniahidi."

Kiapo kile kile kingeniachia picha, lau ningekiapa kweli kwamba nitaificha. Nilikitumia kuiba kitu ambacho ningepewa.

Nikafikiri ataitia kwenye seredani, makaa yalikuwa yanawaka pale mlangoni. Naye aliliona jicho langu linakwenda huko. "Simtii motoni," akasema. "Nilipoharibikiwa na ile mimba, wiki nzima mama yako alinikalia, akinipikia uji na kunifunga kanga tumboni. Nani mwengine alikuja? Simtii motoni. Nnakwenda naye." Akaifunga picha na negativu ndani ya leso, kisha akasita, akaifungua tena. "Mtazame."

Nilikutazama. Sijui muda gani. Hakuniharakisha. Nilikuanzia juu, kanga, paji, ile nyusi, jicho lililo ndani ya nywele na jicho lililo nje, pua, midomo uliyoibana ili usikohoe. Nilijisemea kimoyomoyo kila kitu jina lake, kama mtu anayejifunza sura kwa ghibu. Kisha nikamrudishia. Akaitia chini kabisa ya sanduku, juu yake akapanga kanga, moja moja.

Nikamwomba radhi. Akasema, "Kiapo nshakusamehe. Hili la picha, niache nifike kwanza Mombasa, hasira yangu iniishe njiani." Nimelipenda jibu hilo, Mama. Angenambia amenisamehe yote pale pale nisingemwamini.

Leo Baba akirudi nitamwambia picha ilikuwapo, nani aliiharibu, na kwa nini hawezi kuiona. Sijui atasema nini. Nakuahidi nitamwambia kabla hajavua viatu, maana akishavua na kuketi nitaogopa. Na nakuahidi hili: wakija tena wanawake, na filimu zikipatikana, nitawapiga, na kila mmoja ataondoka na vyake vyote, hata ikiwa moyo wangu umenasa kwenye kimoja.

Na kuna Jumatatu. Ile Jumapili yako wanaume walikubeba, sisi tukabaki ndani. Ndivyo inavyokuwa, silalamiki. Nilisimama nyuma ya dirisha nikasikia sauti zao zinapungua uchochoroni, kisha sikusikia kitu. Leo Da Mwanakheri alisema sanduku ni zito, atamtafuta hamali wa kulifikisha bandarini. Nikamwambia hapana. Akashangaa, sijapata kumwambia mtu hapana. Nikamwambia nitalibeba mimi. Akanitazama, akafahamu, akasema, "Haya."

Nitalibeba kichwani, nawe umo chini ya zile kanga, kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye meli, katikati ya Malindi, na watu wote wananitazama. Sitalitikisa. Nikifika nitalikabidhi.

Kwaheri, Mama. Mungu akupanulie hapo ulipo, akutilie na mwanga.

Mwanao,
Zakia